Kiboko wa Mwenyekiti

Mashahidi wote walikubaliana kwamba Nyamizi alikuwa akiongoza, na kwamba mpira wa mpinzani wake, Masalu, Mwenyekiti wa klabu ya gofu, ulikwama katika shimo la matope njiani. Nyamizi akishinda, wanawake wangeruhusiwa kucheza gofu Jumamosi.

"Huu ni unyayo wa kiboko," Masalu alidai. "Kanuni ya uwanja wetu inaniruhusu kuusogeza mpira bila adhabu."

"Una hakika, Mwenyekiti? Labda ni mvua tu," Nyamizi alisema.

"Dada, kiboko kapita hapa sasa hivi. Unabisha?"

"Sibishi, nakubali mbele ya wote. Ila kanuni inayofuata yasema kiboko akiingia uwanjani, mchezo huvunjwa, na anayeongoza ndiye mshindi."

Masalu aliinama, akalichunguza shimo upya. "Huenda ni mvua," alisema.

Jumamosi iliyofuata wanawake walicheza. Amua mwenyewe, msikilizaji: alipita kiboko, au ilinyesha mvua?