Jiwe Lisilo na Mdomo

Zamani mawe yalikuwa yanasikia njaa kama watu, na watu walipanda mawe kila siku, kwa sababu asali ilikuwa juu, kuni kavu zilikuwa juu, na mvua ikizidi, ziwa likifura, hata uhai wenyewe ulikuwa juu. Kwa hiyo kabla hujaweka mguu kwenye jiwe ulililisha kwanza. Konzi ya unga, unasema, "Kula huu, mimi uniache," ndipo unapanda. Hiyo ilikuwa desturi na hakuna aliyeivunja.

Katika nchi ile, kusini mwa ziwa, miamba mitatu ilisimama jirani kama wake wenza. Chokaa alikuwa mweupe, mzuri wa kutazama, ana matundu mwili mzima, na watu wakasema matundu yale ni midomo, basi unga karibu wote ukaenda kwake. Mchanga alikuwa wa rangi ya chungu kipya, mpole, na yeye alipata chake wakati wa kiangazi. Wa tatu alikuwa Itale, jiwe gumu kuliko yote. Itale alikuwa upara mtupu, anateleza kama kibuyu kilichopakwa mafuta, hana tundu, hana ufa, hana pa kushika. Watu walimtazama wakasema, huyu hana mdomo, asiye na mdomo hali, na asiyekula hana njaa. Hapo ndipo walipokosea. Anayenyamaza ndiye wa kuogopewa, mama yeyote aliyewahi kupakata mtoto mgonjwa anajua.

Alikuwepo mama kijana jina lake Nyamizi, hajamaliza hata kuzoea kuitwa mke akaitwa mjane. Mumewe Masunga alikuwa mrina asali. Asubuhi moja baada ya mvua alimlisha Chokaa kama kawaida, akapanda, na ukingo wa tundu alioushika ukabanduka ukabaki mkononi mwake. Walimkuta chini bado ameufumbata, kipande chepesi kama mfupa wa zamani. Wazee wakasema unga ulikuwa mchache. Nyamizi alikuwa na mtoto wa kunyonya, Lubinza, na tangu siku ile akawa mtu wa hofu, anaogopa moto, anaogopa nyuki, anaogopa mtoto akilala sana na anaogopa asipolala, kila saa analaza sikio kifuani pa mtoto asikie kama bado anapumua.

Kusikiliza kule kukamwingia mwilini hata akaanza kusikiliza mawe. Alimgonga Chokaa kwa kifundo cha kidole, akalia kama mtungi mtupu. Alimgonga Mchanga, sauti ikamezwa humo humo. Alimgonga Itale, akaitika kama jembe jipya.

Shija, mdogo wa marehemu, alimkuta pale akacheka. "Shemeji, sasa na lipara hili utalilisha? Litakula kwa wapi, puani?"

"Silishi. Nasikiliza tu."

"Linasema nini?"

"Halisemi. Ila limejaa."

"Limejaa njaa basi," alisema Shija, akaenda zake akicheka, wala hakujua kwamba amesema kweli.

Masika yale mvua ilinyesha ikasahau kuacha, na ziwa likaja mchana kweupe, halikukimbia, lilitembea tu likiingia nyumba kwa nyumba. Watu wote wakashika unga wao wakakimbilia Chokaa. Nyamizi alimfunga Lubinza mgongoni kwa mbeleko ya ngozi, na alichowahi kukishika kilikuwa kibuyu cha mbegu, mbegu za msimu ujao, uwele na ulezi na mtama mweupe na ufuta mweusi, vyote vimechanganyika kwa ile haraka. Akasimama njia panda, maji yakimfika magotini, akageukia Itale.

"Nyamizi!" mama mkwe alimpigia kelele kutoka kwenye mgongo wa Chokaa. "Huko hakuna pa kushika! Niletee mjukuu wangu!"

Nyamizi kidogo arudi. Mama mkwe alikuwa akimpenda mtoto yule, na wote walikuwa kule, na nani anataka kufa peke yake na mtoto mgongoni kwa ubishi wake mwenyewe? Lakini aliona tena kile kipande kwenye kiganja cha Masunga, akamwendea Itale.

Unga hakuwa nao. Mbegu hailiwi, hata njaa ikiua, kila mke alifundishwa hivyo. Akachota konzi ya mbegu, akasema, "Nisamehe, ndicho nilichonacho," akaipaka juu ya ule upara. Na Itale, ambaye tangu dunia iumbwe hakuwahi kupewa hata punje, akashika. Alishika kama mtoto anavyoshika ziwa la mama. Kila punje ikaganda, na Nyamizi akaweka kidole kwenye punje, na unyayo kwenye punje, akapanda, anapaka na kupanda, anapaka na kupanda.

Nyuma yake Mchanga akalainika akateremka kama uji. Kisha Chokaa, aliyeshiba siku zote, akanywa maji mpaka akafunguka matundu yake yote, akaanguka na watu wake, unga bado mweupe mikononi mwao. Shija peke yake aliogelea akamfikia Itale, akapanda kwa kufuata mbegu za shemeji yake.

Karibu na kilele kibuyu kikaisha.

"Shuka kidogo, shemeji," Shija alimwita kutoka chini. "Nitakushika."

"Nikishuka sitapanda tena. Mwili unatetemeka, Shija."

Alisugua viganja vyake kwenye upara mpaka ngozi ikatoka, ikaganda pale, na kwa ngozi ile alipanda kimo cha mtu mmoja. Akafungua mbeleko kwa meno, akamsukuma Lubinza juu ya kilele. Akalaza shavu kwenye jiwe, kama alivyozoea kulaza kwenye kifua cha mtoto. Shija alimsikia akisema, "Anapumua." Kisha mikono, iliyokuwa imelowa damu, ikaachia. Shija alinyoosha mkono akapata kibuyu kitupu.

Ni yeye aliyemlea Lubinza. Hakumtania mtu tena maishani mwake.

Na tangu siku hiyo wapanda miamba huyapita mawe mengine yote wakamtafuta Itale. Mtazame kwa karibu utaziona mbegu za Nyamizi, nyeupe, nyekundu, za kijivu na zile nyeusi zinazometameta, na ndizo zinazoshika vidole. Ndiyo maana hugonga jiwe kabla ya kulipanda. Ndiyo maana hata hawa wa leo wenye kamba hupaka viganja unga mweupe, na Itale akiwachubua ngozi hawalalamiki, hulamba damu wakaendelea. Lakini karibu na kilele mara nyingi pana sehemu tupu, isiyo na punje wala ufa. Wakifika hapo hulaza shavu kwenye jiwe, wakatulia kidogo. Walio chini hudhani wamechoka.