Kibuyu cha Bi Somoe

Chungu!
— Kitelekwe!
Moto!
— Uwake!
Wenye njaa?
— Tupo!

Haya, kaeni vizuri, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzio. Hapo zamani, zamani za watu na vyungu vyao, palikuwa na mji ambao kipupwe kikiingia, maboga hulala mpaka uvunguni. Baridi ikishawaingia watu mifupani, hawataki kitu ila supu ya boga. Na supu ya Bi Somoe, jamani! Nzito, laini, yateleza yenyewe kooni.

Bi Somoe alikuwa na mkaza mwana, jina lake Kazija. Mchapakazi, lakini mdadisi huyo! Akiona kifuniko, lazima ajue kimefunika nini. Na mji ule ulikuwa na desturi yake: mke wa mtoto hapewi mafiga yake mpaka apike supu ya boga peke yake, na baba mkwe aikubali. Kazija alikuwa amechoka kupika kwenye jiko la mama mkwe wake. Alitaka mafiga yake matatu, moto wake, chungu chake.

Basi akajifunza. Alichoma boga zima kwenye majivu ya moto, akalipasua, akakomba nyama yake, akaiponda. Akakuna nazi, akakamua tui zito. Lakini kila wakati wa kutia tui ukifika, Bi Somoe humtuma nje. Mara kachote maji. Mara kalete kuni. Mara kamtazame yule kuku. Akirudi, supu imeshalainika, na kando ya chungu pana kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi.

"Mama, kibuyuni mna nini?"

"Mna siri ya supu, mwanangu."

Kazija akapika peke yake. Akatia tui, akafunika chungu, akaenda kuchambua mchele. Tui likakatika, mabonge huku, mafuta kule. Mzee Vuai, baba mkwe wake, akaonja, akasema bado. Akapika tena. Akatia tui, akafunika, akaenda kufagia uwanja. Bado. Akapika mara ya tatu. Akatia tui, akafunika, akakaa kukiwazia kile kibuyu. Bado!

Sasa hata usingizi hapati. Mna asali mle? Mna samli? Au mna dawa? Nyinyi mwaonaje? Basi msinijibu, maana hata Kazija mwenyewe hakujua.

Siku moja Bi Somoe akamwambia Kazija leo atapika tena yeye mwenyewe mpaka mwisho, na Mzee akiridhika, mafiga yatatoka leo leo. Tui likamiminwa. Bi Somoe akamkabidhi mwiko, akakiweka kibuyu juu ya uchaga.

"Nakwenda kutandika mkeka," akasema. "Mkono usiache kukoroga, na kibuyu usikiguse."

Kazija akakoroga, akakitazama. Akakoroga, akakitazama. Akakoroga, akasema moyoni, ah, mara moja tu. Akauacha mwiko, akapanda juu ya kinu, akachomoa gunzi. Akachungulia. Akatikisa. Akanusa. Kitupu! Hata vumbi hamna.

Hasira zikampanda. Kugeuka chunguni, tui limekatika. Kugeuka mlangoni, Bi Somoe kasimama. Kazija akajua mafiga yamekwenda, na machozi yakamlengalenga.

"Umeona nini kibuyuni?"

"Sikuona kitu, Mama."

"Na chunguni?"

"Tui limekatika."

"Ulipokuwa ukikoroga, lilikatika?"

Kazija akautazama mwiko. Akayakumbuka yale maji, zile kuni, yule kuku. Kumbe kila akitumwa nje, Bi Somoe hubaki akikoroga!

"Ningekwambia siri ni kukoroga tu, ungeniamini?" akauliza Bi Somoe.

Kazija akacheka na machozi yake. "Ningesema wanificha."

Nusu ya boga ilikuwa imebaki. Kazija akaiponda, akaitia mle chunguni, akashika mwiko kwa mikono miwili. Akakoroga, jasho likamtoka. Akakoroga, mkono ukamuuma. Akakoroga mpaka mabonge yote yakapotea na supu ikang'aa. Kibuyu hakukitazama tena.

Mzee Vuai akaja mwenyewe jikoni, harufu imemvuta. Akaonja, akaonja tena, akaramba na upawa. Leo ndiyo, akasema, mafiga kayapata. Lakini hakuondoka. Macho yalikuwa juu ya uchaga, na akashusha sauti.

"Mwanangu, tangu ujana wangu najiuliza. Mle kibuyuni mna nini?"

Kazija akamtazama Bi Somoe. Bi Somoe akatazama paa.

"Nitakwambia, Baba. Lakini shika kwanza mwiko huu, ukoroge. Usiuache mpaka nirudi."

Mzee Vuai, ambaye maisha yake hajapata kushika mwiko, akakunja mikono ya kanzu, akakoroga. Wanawake wawili wakatoka kwenda kuchagua mawe matatu ya mafiga. Wakachagua polepole, hawakuwa na haraka yoyote.

Chungu changu nimekiepua. Aliyeshiba akalale, asiyeshiba akakoroge chake.