Ukurasa Mmoja kwa Mkawasi na Mwandoe

Hapo zamani, lakini si zamani ya mbali, maana simu zilikuwa zimeshaanza kusoma maandishi kwa sauti, paliishi Wundanyi, huko milima ya Taita, binti mmoja asiyeona. Jina lake Mkawasi, na mbio alikuwa nazo.

Macho yake uwanjani alikuwa Mwandoe, bingwa wa zamani wa kaunti. Walikimbia bega kwa bega, kamba fupi imeunganisha mikono yao. Mwandoe akisema "kona," Mkawasi anakata kona. Mwandoe akisema "ongeza," Mkawasi anaongeza. Wakakimbia hivyo hadi wakachaguliwa kwenda Paralimpiki.

Siku ya mashindano ikafika. Walipotoka kwenye kona ya mwisho, msuli wa paja la Mwandoe ukakatika. Akayumba. Akajua akishikilia kamba wataanguka wote wawili. Akaiachia, akapiga ukelele, "Nenda, Mkawasi! Mbele tu, usigeuke!"

Mkawasi akaenda. Mkono haupo, kamba haipo, sauti imebaki nyuma. Akaenda mpaka akavuka mstari.

Waamuzi wakafuta matokeo yake. Wala hawakumwonea: sheria yasema anayeachana na mwelekezi wake hana matokeo. Waandishi wa habari nao wakakimbilia hospitali, kwa bingwa wa zamani aliyelala kitandani. Magazeti mawili yakamwandika Mwandoe kirefu, na picha juu. Mkawasi yakamtaja mara moja, "mwenzake."

Miaka ikapita. Righa, mwalimu wa watoto wasioona, akamwandikia Mkawasi ukurasa wake katika ensaiklopidia ya mtandaoni. Haukukaa. Mhariri mmoja wa Voi, Bi Nyambu, akauwekea alama ya kufutwa. Lakini Nyambu hakuwa mtu wa kukata shauri bila kusikia. Akapanda mlima, wakakaa wanne sebuleni kwa Righa: yeye, Righa, Mkawasi na Mwandoe.

Righa akaanza. "Bi Nyambu, wanafunzi wangu huiuliza simu: nani kutoka kwetu, asiyeona kama sisi, amefika Paralimpiki? Simu inanyamaza. Mtoto akisikia kimya hicho, anafahamu nini?"

Nyambu akasikiliza. Akasema, "Mwalimu, nami ninao watoto. Lakini ensaiklopidia haiandiki ili kumtia mtu moyo. Huandika yale ambayo wengine wamekwisha kuyaandika. Mkimbiaji anayeona, asiye na matokeo, asiyeandikwa popote, simpi ukurasa. Nikimpa Mkawasi kwa sababu haoni, nimemheshimu au nimemdharau? Jina lake litabaki kwenye ukurasa wa timu, mstari mmoja."

"Na mstari huo unasemaje?" Mkawasi akauliza.

Nyambu akajibu, "Unasema: matokeo yamefutwa."

"Ni kweli," Mkawasi akasema. "Ila si kweli yote."

Righa akadakia. "Basi tuandike kurasa mbili!"

"Tukio moja halipewi kurasa mbili," Nyambu akajibu. "Na kwa kanuni zetu, aliyeandikwa na magazeti ni Mwandoe. Ukurasa ukiwepo, ni wake."

Mwandoe akainuka, mguu bado unamsumbua. "Mama, mimi nilikwenda kule kwa ajili yake. Mkiandika jina langu mkaacha lake, nitalikana."

"Usilikane, kaka," Mkawasi akasema. "Ulikatika msuli kweli. Uliachia kamba ili nisianguke, na bila wewe mstari ule nisingeufikia. Magazeti hayakudanganya."

"Sasa wewe wataka nini?" Mwandoe akauliza.

Mkawasi akajibu.

"Huruma siitaki. Hapo niko pamoja na Bi Nyambu. Kuandikwa ndani ya ukurasa wa mtu mwingine pia sitaki. Maisha yangu yote nimekwenda nimeshikwa mkono: sokoni, kanisani, uwanjani. Kipande kile cha mwisho ndipo mahali pekee nilipokwenda peke yangu. Niliogopa, Mwandoe. Nilikuchukia ulipoachia kamba. Kisha nikasikia miguu yangu mwenyewe. Waamuzi wamekifuta, sawa, ni kazi yao. Je, na nyinyi mkifute?"

Nyambu akashuka Voi na shauri lake mkononi. Aifuate kanuni, watoto wa Righa wasikie kimya. Aivunje, kesho kila mtu aje na ndugu yake wa kuandikwa, na ensaiklopidia isiaminiwe tena.

Nami hapo sina la kuongeza. Enyi mnaonisikiliza, kiti cha Bi Nyambu ki wazi, kaeni nyinyi. Yupo aliyekimbia peke yake, na matokeo hana. Yupo aliyeachia kamba, na magazeti anayo, ila ukurasa ameukataa. Na upo mstari mmoja usemao kweli isiyotosha.

Je, ukurasa ule ni haki ya nani?