Pindo na Mtihani wa Kutikiswa

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama mmetoka kuchimba kisima. Haya, tena. Paukwaaa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Na nyie wazazi mliojibanza huko nyuma, sogeeni. Msidhani hii ni ya watoto peke yao. Leo nina jambo na nyie.

Hapo zamani za kale, enzi hizo ndege walikuwa na shule na nyani hawana, palikuwa na ukoo wa minana. Mnawajua minana? Wale ndege wadogo wa manjano, chwi-chwi-chwi kutwa nzima, wanaosuka viota vinavyoning'inia. Ndio hao. Walikaa kwenye mgunga uliopinda juu ya mto.

Kila mwaka, kabla ya masika, watoto wao walifanya mtihani. Kila mtoto alisuka kiota chake, peke yake, wote wakimwangalia. Kikiisha, linawekwa ndani kuyu moja bichi, lile tunda la mkuyu. Halafu anaitwa Tumbili. Huyo ndiye msimamizi, katoka mti mwingine, hana shangazi wala mjomba pale. Analishika tawi, anatikisa. Tiki! Tiki! Tikitiki-tiki! Kuyu likibaki ndani, umefaulu, unahamia ng'ambo na wenzako. Kuyu likianguka mtoni, chubwi! Unabaki na vifaranga mpaka masika mengine.

Sasa, palikuwa na mtoto anaitwa Pindo. Baba yake, Baba Pindo, alikuwa fundi hasa. Akisuka kiota, hata upepo unakata tamaa. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kuona fundo baya akanyamaza. Akiliona tu, mdomo unamwasha.

Mwalimu wao, Bi Hidaya, akawapa kazi ya nyumbani. Akasema, "Kesho kila mtu aniletee duara la ukindu, limefungwa kwenye kijiti."

Pindo akafika nyumbani, akachukua ukindu, akaanza. Pitisha, zungusha, vuta... puu! Fundo likafunguka.

"Siyo hivyo! Lete hapa!" akasema Baba Pindo.

Pitisha, zungusha, vuta, kaza! Duara likaisha.

"Umeona?"

"Nimeona, Baba."

Ameona nini? Alikuwa anamtazama panzi.

Siku nyingine Bi Hidaya akaagiza ukuta wa kiota. Pindo akaanza. Pitisha, zungusha, vuta... puu!

"Siyo hivyo! Lete hapa!"

Pitisha, zungusha, vuta, kaza! Ukuta ukaisha. Siku nyingine ukaagizwa mlango. Mnajua nani alisuka mlango? Eeh, mnajua. Na shuleni Bi Hidaya akawa anasema, "Hongera Pindo! Wenzako waje waangalie."

Mama Pindo akamuuliza mumewe, "Baba Pindo, anayesoma ni mtoto au ni wewe?"

"Namsaidia, mke wangu. Ulitaka nimwache ahangaike?"

Mama akamwangalia, akaguna, akaendelea kuchambua mbegu zake.

Mtihani ukakaribia. Bi Hidaya akasema, "Leo tunajaribu. Kila mmoja asuke hapa hapa, nimwone." Pindo akashika ukindu. Pitisha... halafu? Zungusha, upande gani? Akazungusha huku, akazungusha kule, akajifunga mguu. Kiota chake kikatoka kama fagio chakavu. Kuyu likawekwa. Bi Hidaya hata hakutikisa, alikohoa tu. Chubwi!

Wenzake wakacheka, kwe-kwe-kwe! Pindo akarudi nyumbani analia, machozi na kamasi.

Baba Pindo akawaka. "Mara ngapi nimekuonyesha? Mara ngapi?"

Pindo akasema kwa kwikwi, "Unanionyesha kila siku, Baba. Lakini mimi sijawahi kumaliza hata fundo moja. Wenzangu watavuka, mimi nitabaki na vifaranga."

Baba Pindo akamfuta machozi kwa bawa. Ilimuuma, jamani, ilimuuma sana, maana alikuwa anampenda yule mtoto kupita kiasi, na ndiyo maana alikuwa hamwachii.

Kesho yake Pindo alipokula na kucheza kidogo, Mama akamwita. Akamwita na baba. Akachuma kuyu bichi, akamwambia mumewe, "Fungua mdomo."

"La nini hili?"

"Fungua." Akamtia kuyu mdomoni. "Sasa kaa hapo. Mtoto akisuka, wewe shikilia kuyu. Ukilidondosha, leo unalala kwa mama yako."

Pindo akaanza. Pitisha, zungusha, vuta... puu!

"Mmmh! Mmmmh!" Baba Pindo macho yamemtoka. Mdomo unamwasha, kuyu liko ndani, hawezi kusema, hawezi kusuka.

Mama akauliza taratibu, "Limefungukia wapi, mwanangu?"

Pindo akaangalia. "Hapa."

"Kwa nini?"

"Sijui... Aa! Sikuupitisha ukindu chini."

"Mweleze baba yako."

Basi Pindo akamgeukia baba yake, akamweleza: hapa unapita juu, hapa unapita chini, ukisahau chini fundo linakutoka. Baba anatikisa kichwa, mmh, mmh. Fundi mkubwa, anafundishwa fundo na mtoto! Pindo akacheka, akaanza upya. Alipochoka, Mama akasema, "Inatosha. Nenda kacheze."

"Mmmh?" akaguna Baba, maana yeye angemkalisha mpaka giza.

"Inatosha, Baba Pindo. Mtoto aliyechoka hashiki kitu."

Ikawa ndiyo desturi yao. Kila siku kidogo. Linafunguka, anaangalia, anaeleza, anarudia. Siku moja likafunguka vibaya kuliko siku zote, Pindo akautupa ukindu, akasema hataki tena. Mama hakumgombeza. Akamwokotea, akaketi karibu naye. Kisha Pindo akaunyoosha mguu, akauchukua ukindu tena mwenyewe.

Na siku ile fundo liliposhika! Pitisha, zungusha, vuta, kaza! Akavuta, limeshika. Akaning'inia nalo, limeshika! Baba Pindo kwa furaha akapiga kelele, akasahau, gudu! Akalimeza kuyu zima zima. Wakamgonga mgongoni, huku wanacheka wenyewe hawajiwezi.

Ikafika siku ya mtihani. Wazazi wote wakapangwa ng'ambo ya mto, wasije wakanong'ona majibu. Tumbili akaja, kanuna, mkia juu. "Salamu baadaye. Sukeni!"

Upepo ukaanza, wiii! Watoto wakasuka. Pindo akafunga fundo la kwanza. Pitisha, zungusha, vuta... upepo, puu! Likafunguka.

Kule ng'ambo Baba Pindo akanyanyuka. "Mwanangu anaharibikiwa!" Mabawa yakafunguka. Mama Pindo akaukanyaga mkia wake, kha! "Utakwenda wapi?"

Wakatazama. Pindo hakulia. Hakugeuka kumtafuta baba. Aliinamisha kichwa, akaangalia pale lilipofungukia, mdomo unacheza, anajieleza mwenyewe: juu, chini. Akalifungua lote. Pitisha, zungusha, vuta, kaza! Likashika. Akaendelea.

Kiota kilipoisha, mbona kilikuwa kibaya! Kimepinda, kimevimba ubavu, mlango unaangalia juu. Baba Pindo akafumba macho.

Tumbili akaanza kutikisa. Tiki, tiki, tikitiki! Kiota cha wa kwanza, chubwi! Mama yake akashika kichwa. Cha wa pili kikashika, shangwe! Akafika kwa Pindo. Tiki! Kimeshika. Tikitiki! Kimeshika. Tumbili akakereka, akarukia tawi kwa miguu yote, tikitikitikitiki! Majani yakamwagika, kiota kikayumba huku, kikayumba kule. Kuyu limo.

"Basi," akasema Tumbili, anahema. "Huyu avuke."

Heee! Chwi-chwi-chwi! Minana wote angani. Baba Pindo akaruka kama mshale mpaka kwenye kile kiota kilichopinda. Akafika mlangoni. Akaona jani moja limechomoza vibaya, pale pale, mbele ya macho yake. Mdomo ukamwasha. Akausogeza karibu.

Akaurudisha.

Akasema, "Hodi hapa."

Ndani ikatoka sauti, "Karibu, Baba. Karibu kwangu."

Baba Pindo akaingia, akaketi mle ndani pamepinda vile vile. Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

Haya, wazazi, mmenisikia? Mtoto akisoma nyumbani, kaa naye, muulize, msubiri. Kazi yake muachie aifanye, hata ikiwa mbaya, maana kwenye mtihani ataingia peke yake. Na wewe mtoto, ukikosea usitupe. Tafuta umekosea wapi, urudie.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Pindo, na mimi nimekaukwa na koo. Nani ananiletea maji?