Pole ya Mvukutaji

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kwa uchovu. Haidhuru, hadithi yenyewe imechoka pia. Hapo zamani za kale, na zamani hiyo inahesabika: ulikuwa mwaka wa saba baada ya nzige. Vuli ilikuwa imechelewa, upepo mkavu ulivuma kutwa, na angani hapakuwa na wingu hata la kusingiziwa. Katika kijiji kimoja cha milimani aliishi mhunzi, Mzee Mbazi, ambaye mabega yake yalizeeka kabla yake.

Mhunzi hushika nyundo. Mwenzake huvukuta moto. Mvukutaji wa Mzee Mbazi aliitwa Mrutu. Alipovukuta, viriba vya ngozi ya mbuzi vilipumua vuu-puu, vuu-puu, na nyundo ikajibu ngo, ngo.

Lakini mwaka uliotangulia Mrutu aliugua akili. Alisikia watu wasioonekana wakimtukana, akawakimbia hadi porini. Akatafutwa, akapatikana, akatibiwa, akarudishwa nyumbani amekonda.

Kijiji kikamhurumia. Akishika jembe, wanampokonya: "Pole, Mrutu, pumzika." Akiinua mtungi: "Pole, Mrutu, kaa." Asubuhi pole. Mchana pole. Jioni pole. Naye Mzee Mbazi akawa anavukuta mwenyewe na kufua mwenyewe, na majembe yalitakiwa kabla ya mvua.

Siku moja Mrutu akamjia kiwandani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Pole, Mrutu."

"Nawe pia? Wananipa pole kama mtu aliyefiwa."

"Umefiwa na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

Mzee akaiweka nyundo chini. Alitamani kukaa, lakini angekaa asingeinuka.

"Kesho njoo uvukute," akasema.

"Na sauti zikinijia?"

"Utaniambia. Nitakitoa chuma motoni, tutangoja."

"Na makaa?"

"Yataungua."

"Na wewe ukichoka?"

"Nimekwisha choka, Mrutu. Hilo lisikusumbue."

Kesho yake, vuu-puu, vuu-puu, ngo, ngo. Mara viriba vikanyamaza. Mrutu akainua mkono. Mzee akakitoa chuma, wakangoja. Makaa yakaungua bure. Mrutu akashusha mkono, vuu-puu, wakaanza upya. Ndivyo ilivyokuwa siku ile na siku zilizofuata: wanafanya, wanangoja, wanafanya. Siku nyingine Mrutu aliondoka bila kuaga, akarudi kesho yake macho yakiwa chini. Mzee akampisha kwenye viriba.

Mkulima mmoja, Kangero, akaja kudai jembe lake. Akawakuta wamekaa, chuma kimepoa.

"Mzee Mbazi, hiki ni kiwanda au matanga?"

"Kaa nawe, tuwe watatu."

"Mvua i karibu. Huyu mpe kazi ya kuchota maji."

"Maji huchotwa na yeyote. Huyu ni mvukutaji."

"Mvukutaji gani anayekaa? Hebu, nitavukuta mwenyewe."

Kangero akavishika viriba. Vuu! Puu! Vuu! Cheche zikaruka, moto ukapanda, ukashuka, ukapanda. Chuma hakijaiva bado, mikono yake ikawa mizito kama ya mtu mwingine. Akahema. Mzee hakumcheka, hakuwa na nguvu za kucheka.

Mrutu akainuka. "Nipishe, Kangero."

Vuu-puu, vuu-puu. Moto ukatulia, chuma kikaiva, nyundo ikajibu. Kangero akatazama kazi ile ikienda, akijikanda mabega. Jembe lake lilipokamilika akalitwaa, akafika mlangoni, akageuka.

"Pole na kazi, Mrutu."

Viriba vikasita kidogo. Tangu augue, hakuna aliyekuwa amempa pole ya kazi.

"Bado sijapoa," akasema Mrutu. "Lakini ahsante."

Sauti hazikumwacha kabisa. Majembe mengine yalichelewa, na wenye mashamba walinung'unika hata mtama ulipoota. Mzee Mbazi alifua hadi mabega yakamgomea, akafa. Mrutu alibaki kwenye viriba vyake, na mhunzi aliyefuata akafundishwa naye kungoja.

Basi anayerudi kutoka kwenye maradhi msimpe pole tupu. Mpeni na kazi yake, na mngoje anapoinua mkono. Kungoja kunachosha, sitawaficha. Hadithi yangu naitua hapa, atakaye aibebe.

Gharama yote ya kungoja kule ilikuwa makaa, matenga ishirini na saba.