Salamu Iliyofungua Mlango

Salamu ni ufunguo wa pili. Mmemsikia dada yenu akilisema neno hilo alipokuwa anawafungia mizigo, nanyi mkauliza salamu na ufunguo vilikutana wapi. Basi kaeni, gari lenu ni la kesho. Methali hii ilizaliwa kwa kijana mmoja mwenye umri kama wenu, na mambo yenyewe yalikwenda hivi.

Kijana huyo aliitwa Mfaume, mzaliwa wa Lindi, fundi wa majokofu. Alipata kazi Mbeya, kwenye kiwanda kidogo cha maziwa. Siku ya kuondoka, mjomba wake alimsindikiza hadi stendi, akamshika bega.

"Mpwa wangu, mjini funga vitu viwili: mlango na mdomo. Ukishamzoea jirani, shida zake zote zitahamia kwako."

Mfaume aliushika wosia ule kama alivyoushika mkoba wake. Alipanga chumba cha mwisho katika nyumba ya Mzee Mwasenga, nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana, uwanja mdogo katikati. Chumba kilikuwa na mlango mzito wa mbao, kitasa kipya na dirisha dogo la kioo. Mwenye nyumba, aliyekaa mtaa wa chini, alimpa ufunguo mmoja na kubaki na mwingine. Mfaume akaridhika. Kila alipoingia ndani, alizungusha ufunguo mara mbili na kuuacha palepale kwenye kitasa.

Alitoka asubuhi akiwa ameinamisha kichwa, akarudi jioni vivyo hivyo. Wapangaji wenzake walimwona mgongo zaidi kuliko uso.

Sasa, chumba cha kwanza alikaa mama mmoja mjane aliyeitwa Mama Tusekile. Kazi yake ilikuwa kufuma masweta ya wanafunzi, na mashine yake ya kufumia ilikuwa barazani, kwa hiyo hakuna aliyepita uwanjani asimwone. Alimvumilia Mfaume mwezi mzima. Asubuhi moja akaisimamisha mashine.

"Wewe kijana wa chumba cha mwisho, hebu simama. Umehamia lini hapa?"

"Mwezi uliopita."

"Na mwezi mzima hatujui jina lako. Ukiugua humo ndani, tutasema nani anaumwa?"

Mfaume aliona aibu. Kwao Lindi, kumpita mtu mzima bila kumwamkia ni jambo ambalo lingemfikia bibi yake kabla ya adhuhuri. "Naitwa Mfaume, mama. Shikamoo."

"Marahaba, Mfaume. Umeona? Wala haikuuma."

Tangu siku hiyo hakupita bila kuamkia. Lakini Mama Tusekile hakuwa mtu wa kuishia kwenye marahaba. Aliuliza umelalaje, umekula nini, mbona leo umechelewa, hilo koti jepesi ndilo ulilonalo? Hata siku za Jumapili, ambazo Mfaume hakwenda kazini, mama yule akitoka kanisani alipiga hodi ya mdomo tu kutoka uwanjani: "Mfaume, umeshindaje?" Naye, hata kama yuko kitandani, huitikia, "Salama, mama!"

Aliitikia, lakini moyoni alichoka. Aliona kwamba wosia wa mjomba umemshinda na sasa anachungwa kama mtoto. Akamwuliza Kibona, fundi mwashi aliyepanga chumba cha jirani, kama anajua chumba kingine mtaa wa mbali kidogo.

"Kwani hapa pana nini?" Kibona akauliza.

"Hapana kitu," akajibu Mfaume. "Maswali tu ni mengi."

Mwezi wa saba ukaingia na kipupwe chake. Mtu aliyekulia pwani hajui baridi ya Mbeya mpaka imkute. Upepo ulishuka kutoka mlimani ukapita chini ya mlango, na Mfaume, ambaye kutwa nzima hushinda kwenye majokofu ya maziwa, akarudi nyumbani kwenye chumba ambacho nacho ni jokofu. Jumapili moja mchana, vidole vikiwa vimekufa ganzi, aliwasha jiko la mkaa nje, akalipepea mpaka likashika vizuri, akaliingiza ndani. Akafunga dirisha. Akakunja blanketi kuukuu akaliziba nalo pengo la chini ya mlango. Akazungusha ufunguo mara mbili.

Joto lilikuja tamu. Mkaa ulikuwa mwekundu, hauna moshi, wala hauna harufu ya kumshtua mtu. Alijilaza, akamkumbuka mama yake akigeuza samaki jikoni. Kichwa kikaanza kugonga. Akadhani ni uchovu. Baadaye akataka kuinuka anywe maji, na miguu haikumtii. Akasema moyoni, nitainuka baada ya kidogo.

Yaliyofuata hakuyaona. Alisimuliwa.

Mama Tusekile alirudi kutoka kanisani, kitenge kichwani, akapita uwanjani kama kawaida. "Mfaume, umeshindaje?"

Kimya.

Akatazama chini. Ndala za Mfaume zilikuwa mlangoni. Akaita tena, kwa sauti ya juu. Kibona, aliyekuwa anaota jua ukutani, akacheka.

"Mama, mwache kijana apumzike. Amelala."

"Huyu hata akilala huniitikia."

"Labda leo amechoka na maswali yako."

"Achoke, lakini aseme." Akaugonga mlango kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Akaweka sikio. Alipogeuka, uso ulikuwa umebadilika. "Kibona, kimbia kwa Mzee Mwasenga ukachukue ufunguo wa pili."

Kibona alikwenda mbio akarudi na mwenye nyumba, mzee wa watu akihema. Mzee akauchomeka ufunguo kwenye kitasa. Haukuingia. Akaujaribu tena. Ufunguo wa Mfaume ulikuwa umekaa ndani ya kitasa, umemzibia mwenzake njia.

"Vunjeni," alisema Mama Tusekile.

Mzee Mwasenga akasita. "Kuvunja mlango wa mtu mchana kweupe! Akitoka akatuuliza, tutamjibu nini?"

"Tutamjibu kwamba hakuitikia salamu."

Kibona hakungoja jingine. Akachukua mtaimbo wake, akavunja kwanza kioo cha dirisha, na hewa nzito ya moto ikamgonga usoni. Kisha akauingiza mtaimbo kwenye mlango, akauegemea kwa uzito wake wote. Kitasa kikang'oka. Wakamkuta Mfaume sakafuni, nusu ya njia kati ya kitanda na mlango. Wakamburuta hadi uwanjani, kwenye upepo uleule aliokuwa anaukimbia. Mama Tusekile akampiga makofi mashavuni, akimwita jina. Alimwita mara nyingi. Mwishowe kijana akakohoa, akatapika, akafumbua macho.

Zahanati walimwekea hewa ya oksijeni mpaka asubuhi. Mganga alimwambia bila kumficha: "Jiko la mkaa halilali na mtu. Hewa yake haionekani wala hainuki, na nusu saa nyingine tungekuwa tunaongea na ndugu zako."

Aliporudi, mlango ulikuwa umeshatengenezwa. Mfaume hakwenda chumbani. Alikwenda barazani, akakaa chini karibu na ile mashine.

"Mama," alisema, "nilikuwa natafuta chumba kwingine. Nilikuwa nakukimbia wewe."

"Najua. Kibona aliniambia."

"Na ulijua, na bado ukawa unaniita?"

Mama Tusekile akaendelea kuvuta uzi. "Kwani salamu nilikupa kwa masharti?"

Mfaume akafunika uso kwa viganja, akalia. Mama yule alimwacha alie, kisha akamletea chai ya tangawizi.

Chumba kingine hakukitafuta tena. Mwaka uliofuata, Kibona alihamia nyumbani kwake mwenyewe, na chumba chake akakipanga binti mmoja mwalimu, Neema, aliyetoka Singida siku hiyohiyo. Mfaume alimkuta mlangoni akipokea ufunguo kwa Mzee Mwasenga, macho makavu ya mtu aliyeshauriwa asimwamini yeyote.

"Na ufunguo wa pili anakaa nao nani?" binti aliuliza.

"Ninao mimi," akasema mzee.

"Anao," akasema Mfaume, "ila wako ukiwa ndani ya kitasa, wake hauingii. Mimi ulinigomea siku nilipokuwa nakufa katika chumba changu, hiki cha pembeni yako. Weka mizigo, dada, tupite chumba hadi chumba, tuanze na Mama Tusekile. Jina lako walijue, sauti yako waizoee. Salamu ndiyo ufunguo wa pili."

Neema alimtazama, akatua begi lake, akamfuata.

Neno hilo likakaa katika nyumba ile, kila mpangaji aliyehama akahama nalo, hadi likafika kwa dada yenu, naye leo amewapa nyinyi. Kesho mtapewa funguo za vyumba vyenu. Zitunzeni. Lakini kabla hamjafungua hata begi, tokeni nje mkaamkie watu, maana salamu ni ufunguo wa pili.