Tumbili na Blanketi la Viraka Tisa

Paukwa?
Pakawa!
Nipeni masikio!
Chukua!

Hapo zamani, zamani za kale, wanyama wote walivaa nguo. Mwaka mmoja baridi ilishuka kutoka mlimani mapema, na Digidigi akajifungua mtoto kabla ya siku zake. Mtoto mdogo kama ngumi, anatetemeka mchana kutwa.

Wanyama tisa wakatoa kiraka kimoja kimoja, ashonewe blanketi. Wakampelekea Bi Tumbili, kwa kuwa yeye ndiye mwenye vidole. Tumbili akavikata viraka sawasawa, akavipanga chini vitatu vitatu, akatunga uzi.

Tumbili hakujua kutulia. Anashona, anainuka, anatazama, anakaa tena.

Siku ya kwanza akaja Bi Kanga. "Shoga, kiraka changu cha madoadoa umekitupa pembeni? Kiweke katikati!" Tumbili akaona haya. Akafumua, akapanga upya, akashona.

Siku ya pili akaja Mzee Ngiri. "Binti, mimi na mvi hizi nikae nyuma ya Kanga? Kiweke changu katikati!" Tumbili akamwonea soni mzee. Akafumua, akapanga upya, akashona.

Siku ya tatu akaja Bwana Chui. Hakuketi. "Katikati ni pangu," alisema, kisha akaondoka.

Moyo wa Tumbili ukaenda mbio. Akafumua. Akapanga hivi, akapanga vile. Akizunguka huku, ni kama anamwona Ngiri amenuna. Akizunguka kule, ni kama anayaona meno ya Chui. Uzi ukamkatikia mkononi.

Mara Digidigi akatokea, anahema.

"Dada Tumbili, blanketi liko wapi?"

"Bado kidogo. Mtoto analia sana?"

"Ameacha kulia."

Mtoto anayelia ana nguvu, anayenyamaza je? Tumbili akaokota kiraka kilichokuwa karibu na mguu wake, akakiunga na cha pili, na cha tatu. Hakuinuka. Hakutazama. Mishono ikaenda upogo, sindano ikamchoma, naye akashona tu. Alipokata uzi wa mwisho, akalibeba blanketi mbio mpaka kwa Digidigi, akamviringisha mtoto gubigubi.

Wanyama wakajaa mlangoni.

"Changu kiko wapi?" aliuliza Kanga.

"Na changu?" aliuliza Ngiri.

Chui akanguruma. "Tumbili! Nani umemweka katikati?"

Tumbili akainua kichwa. "Sogea utazame, Bwana Chui. Katikati yuko mtoto."

Wakachungulia. Ndani ya viraka tisa, pua ndogo ikacheza. Chafya! Kisha mtoto akaangua kilio, kilio kikali cha kudai ziwa. Digidigi akalia naye. Ngiri akajipangusa macho, akasingizia vumbi.

Chui peke yake hakulainika. Aliona kiraka chake ukingoni, karibu na miguu ya mtoto. Akakinyofoa, chraa! Akaondoka nacho.

Tumbili akavua kilemba chake, akakikunja mara mbili, akaziba pengo palepale.

Na Chui? Alipofika kwake akajifunika kile kiraka. Akifunika kichwa, mgongo uko nje. Akifunika mgongo, mkia uko nje. Akaona haya kurudi kuomba nafasi kwa wenzake. Ndiyo maana hadi leo Chui hulala peke yake juu ya tawi, na baridi yake.

Enyi wasikilizaji, kiraka kimoja hakimfuniki mtu. Mkisaidia, tazameni aliyesaidiwa, msitafute pa kuonekana. Nawe uliyepewa sindano, ukitaka kumridhisha kila mtu, utafumua mpaka mtoto akufie.

Ngano yangu nimeipiga fundo, uzi nimeukata. Aliyeipenda na ajifunike. Asiyeipenda na ashone yake.